Saa tisa za kusubiri Entebbe: Usikae kitini, mji uko jirani

Tiketi ya ndege ikiwa ya bei nafuu, mara nyingi ile nafuu unailipa kwa muda. Ndege ya kwanza inakushusha mji usioujua saa nne asubuhi, ya pili inaondoka saa moja usiku, na katikati umeachiwa saa tisa nzima ambazo hakuna aliyekuambia uzifanyie nini. Kijana anayesafiri peke yake hana shida, atalaza kichwa kwenye begi na kusinzia. Lakini mama mwenye mtoto wa miaka minne, mwingine wa tisa, na bibi yao mwenye magoti mabovu, saa tisa kwenye viti vya uwanja wa ndege ni adhabu. Biskuti zinaisha, chaji ya simu inaisha, na kabla ya adhuhuri watoto wameshaanza kugombania dirisha.

Entebbe, Uganda, ni moja ya vituo hivyo. Tangu shirika la ndege la Uganda lilipofufuliwa mwaka 2019, abiria wa Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi na Mombasa wanaweza kupitia hapo kwenda Dubai na kwingineko. Wengi wakisikia Entebbe wanadhani ni Kampala. Siyo. Ni mji mdogo uliokaa juu ya rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Victoria, kama kilomita 40 kutoka Kampala, na uwanja wa ndege uko huko mwishoni mwa rasi. Barabara ikiwa tupu, gari la kukodi linakufikisha mjini kwa dakika kumi hivi. Viwanja vichache sana vya kimataifa katika ukanda wetu viko karibu hivyo na majani mabichi, maji na kivuli.

Jina lenyewe linachekesha ukilifikiria. Kwa Kiganda, entebe ni kiti, na inasimuliwa kwamba hapo ndipo chifu mmoja wa zamani alipokuwa akiketi kuamua kesi za watu. Abiria wengi wanalitii jina hilo kupita kiasi: wanafika, wanakaa, hawanyanyuki mpaka waitwe.

Maswali ya kuuliza ukiwa bado nyumbani

La kwanza ni mizigo. Ukiwa kaunta ya kukabidhi mabegi, iangalie ile karatasi ndefu inayobandikwa kwenye mpini. Ina herufi tatu kubwa. Ikiandikwa DXB, begi lako litakwenda lenyewe hadi Dubai na wewe utatoka mikono mitupu. Ikiandikwa EBB, begi linaishia Entebbe, na utalazimika kulichukua, kulitunza na kulikabidhi upya. Muulize mhudumu hapo hapo, usisubiri kuuliza ukishafika. Kutembea bustanini na masanduku matatu si matembezi, ni kuhama nyumba.

La pili ni tiketi. Kama safari yote iko kwenye tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia nafasi nyingine. Kama ulinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa, ukiikosa ya pili umeikosa, na shirika lile halikudai wala hulidai. Mwenye tiketi mbili awe mwangalifu mara mbili zaidi kabla ya kutoka nje ya geti.

La tatu ni karatasi. Raia wa Tanzania, Kenya, Rwanda na Burundi hawalipi viza kuingia Uganda, lakini utapita uhamiaji na kugongewa muhuri, hivyo kila mtoto awe na pasi yake ya kusafiria. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe barua ya ridhaa ya mwenzake. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano isikosekane. Uganda huidai, na ukirudi Tanzania kutoka nchi yenye ugonjwa huo, au ukiwa umepita humo zaidi ya saa 12, utaulizwa pia. Chanjo hiyo huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayekwenda kuchanja juzi yake ya safari amechelewa.

Kisha piga hesabu kwa kurudi nyuma. Ndege inaondoka saa moja usiku. Safari ya kimataifa inataka uwe uwanjani saa tatu kabla, yaani saa kumi jioni. Umetua saa nne asubuhi, na kwa foleni ya uhamiaji na watoto wa kupelekwa chooni, utatoka nje saa tano. Zimebaki saa tano. Toa za barabarani, kutafuta gari na kubadilisha fedha, unabaki na saa nne za kweli. Saa nne zinatosha kwa mahali pamoja na mlo mmoja. Hazitoshi kwa mahali patatu, hata kama dereva atakuapia. Na ukiwa na chini ya saa sita kati ya ndege na ndege, ushauri wangu ni mfupi: baki ndani.

Mlo wa bustanini

Dada yangu alipita Entebbe mwezi wa nane akiwa na watoto wake wawili na mama yetu, wakimfuata shemeji anayefanya kazi Dubai. Mama alikuwa anakwenda kuwasaidia miezi ya mwanzo. Sasa, kaka yetu anaishi Kampala. Alioa huko, amepata mtoto huko, na mama hakuwa amemtia machoni tangu msiba wa baba, miaka minne iliyopita. Mjukuu alikuwa amemuona kwenye simu tu.

Kaka aliposikia wana saa tisa Entebbe, alifurahi na kutoa amri: waje nyumbani, mkewe atapika, mama aone anapoishi mwanawe. Dada akakataa. Alishazipiga zile hesabu za kurudi nyuma, na alijua kwamba barabara mpya ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2018 inakufikisha vizuri hadi pembezoni mwa Kampala, lakini baada ya hapo unaingia kwenye foleni ambayo hakuna anayeweza kukuambia itachukua dakika ngapi. Kwenda unaweza ukabahatika. Kurudi jioni, watu wote wakitoka kazini, ndiko tiketi nne zinakoweza kupotea. Akamwambia kaka: njooni ninyi.

Kaka alikasirika, na kwa mila zetu ninamwelewa. "Yaani mama yangu mzazi nimlishe barabarani kama abiria wa basi?" Siku mbili simu hazikupokelewa. Aliyemaliza ubishi ni mama mwenyewe. Alichukua simu ya dada akamwambia mwanawe: "Baba, mimi sikuja kuona ukuta. Mwambie mkwe wangu apakie chungu kwenye gari, nitakaa popote mtakaponitandikia."

Wakakutana kwenye Bustani ya Mimea ya Entebbe. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1898, wakati Waingereza walipokuwa wakijaribu mimea ya kila nchi ili waone ipi itakubali udongo wa Uganda, na miti waliyoipanda leo ni mikubwa kiasi kwamba watu wanne hawaizungushi mikono. Ni mteremko wa majani unaoshuka hadi ziwani. Unalipa kiingilio kidogo, unachagua kivuli, unatandika mkeka. Juu kuna mbega weusi wenye mikia mirefu meupe, wapole, wanakaa matawini kama wazee wa baraza. Chini kuna tumbili, ambao si wapole hata kidogo. Mtoto akishika ndizi mkononi, ndizi hiyo ni ya tumbili. Funika chakula, na mfuko wa plastiki usionekane.

Wifi yetu alileta matoke yaliyofungwa kwenye majani ya migomba, bado ya moto, na mchuzi wa karanga. Mama alitoa korosho alizobeba kutoka nyumbani. Yule mjukuu wa miaka mitatu alikuwa anajua Kiganda na Kiingereza, Kiswahili hana. Bibi anamwita njoo, mtoto anamtazama. Baba yake akamnong'oneza sikioni, mtoto akasogea na kusema "Jjajja", ndiyo bibi kwa Kiganda, akakaa mapajani. Dada anasema mama hakutaka kumshusha hata kula, akawa anakula kwa mkono mmoja.

Baada ya chakula kaka na mama walitembea polepole hadi karibu na maji, wawili peke yao, kama nusu saa. Waliyoyazungumza hatukuambiwa. Saa tisa alasiri kengele ya simu ya dada ikalia. Alikuwa ameitega asubuhi akijua kwamba ikifika saa hiyo hakuna atakayetaka kuondoka, na kwamba bora simu ichukiwe kuliko yeye.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu familia zetu sasa zimetawanyika hivyo: mmoja Kampala, mmoja Muscat, mmoja Bukavu, wazazi Tabata. Nauli ya kumtembelea kila mmoja haipo. Ile saa ya kuunganisha ndege ambayo tunaiona hasara inaweza kuwa ndiyo ziara yenyewe, ikipangwa wiki mbili kabla na kila mtu akijua saa ya kuachana.

Kama hamna ndugu wa kuonana naye

Watoto wakubwa kidogo watafurahia zaidi kituo cha wanyamapori, ambacho wenyeji wengi bado wanakiita zuu. Kilianza mwaka 1952 kama makazi ya wanyama waliojeruhiwa au kubaki yatima, na mwaka 1994 kikafanywa kituo cha elimu. Wako simba, twiga, faru weupe, na sokwe wanaoishi kwenye kisiwa kilichozungushiwa maji, kwa kuwa sokwe haogelei. Waulize watoto kwa nini hakuna uzio upande ule, waache wafikiri wenyewe. Yuko pia yule ndege wa kijivu wa majimaji mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayeweza kusimama bila kutikisika hadi mtoto aseme ni sanamu. Njia zake ni ndefu, jua la mchana si la mchezo, kwa hiyo bibi mwenye magoti mabovu mwachie bustani. Bebeni vitambulisho, maana bei ya kiingilio hutegemea uraia wako.

Karibu zaidi na uwanja wa ndege kuna Kigungu, kijiji cha wavuvi kwenye ncha ya rasi. Hapo ndipo Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans waliposhuka kwenye mtumbwi tarehe 17 Februari 1879 wakitokea pwani ya kusini ya ziwa, upande wa Mwanza ya leo, na Wakatoliki wa Uganda wanapaheshimu kama mwanzo wa kanisa lao. Waganda walimwita Lourdel Mapeera, kutokana na neno la Kifaransa la kumwita padri. Hata asiye Mkatoliki atapenda upepo wa hapo, mitumbwi ya rangi, na ndege zinazopita chini chini kwenda kutua.

Kijana wa sekondari anayesoma historia mpe mambo mawili ya kutafuta kwa macho. La kwanza ni ule uwanja wa zamani, upande wa pili wa njia za ndege, ambako abiria wa ndege ya Air France iliyotekwa tarehe 27 Juni 1976 walishikiliwa wakati wa Idi Amin, hadi makomandoo wa Israeli walipovamia usiku wa kuamkia Julai 4. Eneo hilo lina jeshi na ndege nyeupe za Umoja wa Mataifa, halitembelewi ovyo, na kupiga picha huko ni kujitafutia kesi. Vivyo hivyo Ikulu ya Entebbe. La pili ni la utulivu zaidi: Februari 1952 Elizabeth wa Uingereza alipata habari za kifo cha baba yake akiwa Kenya, akarushwa hadi Entebbe kuunganisha ndege ya London, na radi na mvua zikamchelewesha hapo. Naye alikaa akisubiri kama sisi. Radi za Ziwa Victoria hazijabadilika tangu wakati huo, kwa hiyo mwavuli ubaki kwenye begi la mkononi hata kama asubuhi ni nyeupe.

Yapo mazuri ya kuacha. Kisiwa cha Ngamba, hifadhi ya sokwe iliyoanzishwa mwaka 1998, kiko kilomita 23 ndani ya ziwa. Kinahitaji boti na nusu siku iliyotulia, na ziwa likichafuka boti halijali ratiba yako. Meli ya visiwa vya Ssese inayoondoka kwenye gati ya Nakiwogo ni mtego mzuri zaidi: inaondoka mchana, inarudi kesho yake asubuhi. Na kuogelea ziwani usiwaruhusu watoto, hata maji yawe safi namna gani machoni. Kichocho kipo, na dalili zake zitakuja wiki kadhaa baadaye mkiwa Dubai, ambako daktari anaweza asifikirie ugonjwa wa ziwa la kwetu.

Chakula, lugha na nauli

Kama hamkupikiwa, kuleni samaki. Sato wa kukaanga mzima kwa ndizi au viazi anapatikana karibu kila mgahawa wa ufukweni, lakini agizeni mara tu mnapofika, kwa sababu huanza kukaangwa baada ya kuagizwa na dakika arobaini zitakwenda. Mwenye haraka ale rolex, ambayo si saa ya mkononi bali chapati iliyoviringishiwa mayai, kabichi na nyanya, ikitengenezwa mbele ya macho yako kando ya barabara. Watoto wanaipenda, na ni chakula kinachoweza kuliwa ndani ya gari. Ukipita Novemba unaweza kukuta senene wa kukaanga. Msomaji wa Bukoba hahitaji kuelezwa. Wengine waonje mmoja kwanza.

Badilisheni fedha kidogo tu, za nauli, chakula na kiingilio. Msishtuke na noti, Uganda hata chakula cha kawaida kinahesabiwa kwa maelfu mengi. Kwa wenzetu hawa neno taksi linaweza kumaanisha daladala, hivyo ukimwambia mtu unataka taksi anaweza kukuonyesha basi dogo la abiria kumi na wanne. Sema unataka gari la kukodi la familia peke yenu, patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla ya kufungua mlango, na umlipe dereva sehemu kubwa mtakaporudi. Bodaboda ni rahisi, ila mtoto na mzee wasipande.

Kiswahili kimepewa nafasi ya lugha rasmi Uganda, lakini mtaani Entebbe utakisikia kidogo kuliko unavyotarajia. Wazee wengine kinawakumbusha askari wa miaka mibaya, hivyo usianze kwa kuamrisha "lete hiki". Anza na "Oli otya ssebo" kwa mwanaume au "Oli otya nnyabo" kwa mwanamke, kisha "webale" ukihudumiwa. Baada ya hapo utashangaa ni wangapi wanakijua Kiswahili vizuri tu.

Kurudi

Kurudi kuna foleni ambayo wageni hawaitarajii. Kabla ya kufika kwenye jengo, kwenye kituo cha ukaguzi cha kuingilia uwanjani, abiria huweza kuteremshwa garini na kupita kwa miguu kwenye mashine wakati gari likikaguliwa. Kwa kijana ni dakika tatu. Kwa bibi aliyekula matoke na kukaa mkekani, ni zaidi. Kama mzee ana shida ya kutembea, ombeni kiti cha magurudumu tangu siku ya kukata tiketi. Ni huduma ya kawaida ya mashirika, na anayesukuma kiti huwa anajua mlango upi una foleni fupi.

Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye namba ya simu ya mzazi na namba ya ndege. Pasi zote za kupandia zikae kwa mtu mmoja, na huyo asipewe kumbeba mtoto. Maji ya chupa mliyonunua mjini yatazuiwa kwenye ukaguzi, kwa hiyo yanyweni foleni ikianza au mnawie watoto mikono. Shilingi zilizobaki nunueni kahawa ya Uganda ya kusaga, pakiti moja ya mwenyeji wenu wa huko mwendako.

Ndege ikiondoka kabla giza halijatanda, waombeeni watoto viti vya dirishani. Entebbe iko kilomita zisizofika tano kaskazini mwa ikweta, na ndege ikirukia upande wa kusini, mstari huo unapita chini yenu katikati ya maji dakika chache baada ya kupaa. Hauonekani, lakini yule wa miaka tisa wa dada yangu aliutafuta mpaka akalala.